Bao la Kiswahili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu bao lenyewe linalochezwa barazani kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam: lile lenye nyumba, kunamua na mtaji. Majina ya baadhi ya hatua hutofautiana kidogo kutoka mtaa hadi mtaa, kwa hiyo mkikaa na mtu mgeni, kubalianeni kwanza kabla ya kete ya kwanza kushuka.

Nahitaji vitu gani ili nianze?

Ubao mmoja wenye mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kila mchezaji anamiliki safu 2 zilizo upande wake: safu ya mbele inayotazamana na ya mpinzani, na safu ya nyuma iliyo karibu na tumbo lake. Katika kila safu ya mbele kuna shimo moja, mara nyingi la mraba na kubwa kuliko mengine. Hilo ni nyumba. Ukihesabu kutoka kushoto kwako, nyumba yako ni shimo la 5.

Kete bora ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu zinazookotwa pwani. Ni laini mkononi, hazipasuki, na uzito wake unakuwezesha kuhisi umeshika ngapi bila kuangalia. Weka akiba ya 5 au 6, kwa sababu zinapotea. Vijiwe vya mtoni vinafaa. Maharage yanafaa kwa muda. Gololi hazifai, zinaruka nje ya shimo. Punje za mahindi ni ndogo mno, na utajikuta umedondosha mbili ukidhani ni moja.

Sina ubao. Naweza kucheza leo hii?

Ndiyo. Chimba mashimo 32 kwenye mchanga wenye unyevunyevu, au tumia trei mbili za mayai. Trei ya kawaida ina vishimo 5 kwa 6. Ziweke sambamba ili upande wa vishimo 6 uendelee kwenye trei ya pili, kisha kata ubaki na vishimo 8 kwa urefu na 4 kwa upana. Paka rangi au chora alama kwenye nyumba zote mbili. Kasoro yake ni kwamba vishimo ni vidogo, na nyumba ikifika kete 10 zinaanza kumwagika. Tumia maharage badala ya komwe.

Kete hupangwaje mwanzoni?

Hapa ndipo wengi hukosea siku ya kwanza, kwa sababu wanadhani ubao wote unajazwa. Sivyo. Kila mchezaji ana kete 32, lakini anaanza na 10 tu ubaoni: 6 ndani ya nyumba, 2 katika shimo la 6 na 2 katika shimo la 7, yaani mashimo mawili yanayofuata nyumba upande wa kulia. Kete 22 zilizobaki ziko mkononi, au zinakaa pembeni mwa ubao. Safu ya nyuma ni tupu kabisa.

Kumbuka kwamba mnatazamana. Kushoto kwako ni kulia kwake. Shimo lako la 1 linakabiliana na la 8 la mpinzani, la 2 na la 7, na nyumba yake (ya 5) inakabiliana na shimo lako la 4. Njia nyepesi: toa namba ya shimo lako kwenye 9, utapata namba ya shimo lililo mbele yako. Jifunze hesabu hii mpaka isihitaji kufikiriwa.

Kunamua ni nini?

Ni awamu ya kwanza ya mchezo. Kila zamu unachukua kete 1 kutoka mkononi na kuiweka katika shimo la safu yako ya mbele ambalo tayari lina kete. Huruhusiwi kuiweka katika shimo tupu, wala katika safu ya nyuma. Zamu 22 kwa kila mtu, mpaka mikono iwe mitupu, kama mchezo haujaisha kabla.

Kula hufanyikaje?

Ukiweka kete katika shimo lako, na shimo linalokabiliana nalo la mpinzani lina kete, umekula. Unachukua kete zote za shimo lile la mbele yake. Kete zako mwenyewe zinabaki pale pale. Safu ya nyuma ya mpinzani haiguswi kamwe. Kete zilizo huko ziko salama.

Kete ulizokula haziwekwi pembeni kama katika drafti. Zinaingia upande wako: unazigawa moja moja kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu yako ya mbele, kulia (la 8) au kushoto (la 1), ukielekea katikati.

Kisha angalia kete ya mwisho imeangukia wapi:

- Imeangukia shimo tupu: umelala, zamu imekwisha.
- Imeangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalolikabili lina kete: unakula tena, na kete hizo unazianzisha tena kichwani, kwa mwelekeo ule ule.
- Imeangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula (uko safu ya nyuma, au shimo la mbele yako ni tupu): okota zote zilizomo na uendelee kugawa kuanzia shimo linalofuata.

Kula ni lazima. Kama kuna cha kula, huwezi kukataa kwa sababu hupendi matokeo yake. Yakiwepo mashimo mawili au matatu ya kulia, hapo chaguo ni lako.

Nichague kichwa gani, cha kulia au cha kushoto?

Inategemea ulikula wapi. Mashimo mawili ya mwisho kila upande (la 1 na 2, la 7 na 8) huitwa kimbi. Ukila ukiwa kimbi cha kushoto, lazima uanzie kichwa cha kushoto; kimbi cha kulia, kichwa cha kulia. Ukila kwenye mashimo ya katikati, 3 hadi 6, mlo wa kwanza wa zamu unakupa uhuru wa kuchagua. Milo inayofuata ndani ya zamu hiyo hiyo hufuata mwelekeo uliokuwa nao, isipokuwa kimbi kikulazimishe kugeuka.

Kugeuzwa huku na kimbi ndiko kunakowashinda wanaoanza, kwa kuwa hesabu waliyoipiga kichwani inavunjika ghafla. Kabla ya kuweka kete, jiulize kwanza: mlo wangu wa pili utakuwa kimbi?

Nikikosa cha kula?

Unatakata. Wakati wa kunamua, weka kete yako 1 katika shimo la mbele lenye kete, okota zote zilizomo pamoja na hiyo uliyoweka, uzigawe kulia au kushoto upendavyo. Zikiangukia shimo lenye kete unaendelea, zikiangukia tupu unalala. Jambo la kushikilia kwa nguvu: zamu iliyoanza kwa kutakata haili. Hata kete yako ya mwisho ikiangukia mbele ya shimo la mpinzani lililojaa, unaokota zako na kuendelea tu.

Nyumba haitumiki kutakata ikiwa una shimo jingine la mbele lenye kete. Ikiwa ndiyo pekee iliyobaki, unaweka kete 1 ndani yake, kisha unachukua 2 tu na kuzigawa. Kete zilizobaki hukaa.

Naomba kuona zamu za kwanza hatua kwa hatua.

Mwanzoni hakuna anayeweza kula, kwa sababu mashimo yenu yaliyojaa yanatazama mashimo matupu. Kwa hiyo anayeanza hutakata.

Tuseme unaweka kete katika shimo la 7. Sasa lina 3. Unaokota na kwenda kushoto: moja shimo la 6 (linakuwa 3), moja nyumba (inakuwa 7), moja shimo la 4 lililokuwa tupu. Umelala. Tazama ulichofanya: shimo lako la 4 linatazama nyumba ya mpinzani. Ukipata zamu nyingine utaweka kete hapo na kuila nyumba yake yote. Lakini zamu ni yake. Anaweka kete 1 katika nyumba yake, inakuwa 7, anakula ile kete yako moja ya shimo la 4, anaiweka kichwani kulikokuwa tupu, analala. Hesabu: wewe una 10 ubaoni na 21 mkononi, jumla 31. Yeye ana 12 na 21, jumla 33. Tishio limeondoka na umepoteza kete.

Sasa jaribu njia nyingine: weka kete shimo la 6, liwe na 3, uende kulia. Moja shimo la 7, moja shimo la 8, moja inapinda kuingia safu ya nyuma. Umelala. Mashimo yako ya 2, 3 na 4 ni matupu, kwa hiyo mpinzani hana cha kula. Naye atalazimika kutakata. Hujapoteza kitu, na kete moja imeshafika nyuma kwenye usalama. Kwa mgeni wa bao, huu ndio mwanzo tunaoupendekeza.

Nyumba ina kitu gani cha pekee?

Nyumba ni hazina. Ina haki zake maadamu haijachezwa na ina kete 6 au zaidi. Wakati wa kunamua, zamu ya kula ikiishia kwenye nyumba yako na hakuna cha kula hapo, una hiari: simama, nyumba ibaki, au ibomoe na kuendelea kugawa kete zake. Huko kuibomoa huitwa kusafiri. Kama zamu yako ni ya kutakata, kufika nyumbani ni mwisho, unasimama.

Usisafiri kwa sababu tu inapendeza kushika kete nyingi. Safari ina sababu mbili za msingi: hesabu inaonyesha itakuletea mlo, au nyumba italiwa zamu ijayo na huna njia ya kuiokoa. Na kuna hesabu moja inayofaa kukariri: nyumba yenye kete 8, iwe unakwenda kulia au kushoto, huishia shimo lile lile la nyuma, lililo nyuma ya shimo lako la 4. Njia yako nzima ina mashimo 16, na 8 ni nusu yake. Shimo hilo likiwa tupu, safari ya kete 8 inalala hapo hapo, na nyumba imekwenda.

Kete za mkononi zimekwisha. Sasa?

Mmeingia mtaji. Kuanzia hapa kila zamu inaanza kwa kuokota kete za shimo lako lolote, mbele au nyuma, lenye angalau kete 2, na kuzigawa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na mbele yake kuna kete za mpinzani, umekula, na mengine yote ni kama awali. Shimo lenye kete 16 au zaidi haliruhusiwi kuanzisha mlo. Kama hakuna mlo popote, unatakata kwa shimo la mbele lenye kete 2 au zaidi. Likikosekana ndipo unakwenda nyuma.

Mtaji ni mchezo wa macho. Kwenye kunamua unatazama mashimo machache; kwenye mtaji kila shimo lako lenye kete 2 hadi 15 linaweza kuwa bunduki, na la mpinzani pia.

Mchezo unaisha lini?

Safu ya mbele ya mpinzani ikibaki tupu, au akiwa hana hata shimo moja lenye kete 2 la kuchezea kwenye mtaji. Haijalishi safu yake ya nyuma ina kete ngapi. Akimalizwa safu ya mbele wakati kunamua bado kunaendelea, amefungwa mkononi, na hicho ndicho kipigo kinachouma zaidi barazani.

Mbona nyumba yangu inaliwa mapema kila mara?

Karibu kila mara ni kwa sababu hutazami shimo la 4 la mpinzani. Hilo ndilo linaloikabili nyumba yako. Likipata hata kete moja, zamu yake inayofuata anaweza kuweka kete pale na kuibeba nyumba nzima. Kwa hiyo kabla ya kila zamu, macho yaende kwanza kwenye shimo hilo. Likiwa na kete, una njia tatu: ule shimo hilo kwa kuweka kete kwenye nyumba yako mwenyewe, ule kwingine kwa namna itakayofika hapo ndani ya zamu hiyo hiyo, au usafiri kabla hujaibiwa.

Sababu ya pili ni kurundika. Nyumba yenye kete 12 inapendeza kwa macho lakini inamfanya mpinzani aelekeze kila kitu huko. Na kama kete zako zote za mbele ziko ndani yake, huna kete za kula wala za kujilinda. Tawanya kidogo, na ukipata nafasi peleka kete nyuma.

Mabingwa wanajuaje kete ya mwisho itaangukia wapi bila kuhesabu kwa kidole?

Wanahesabu, ila haraka. Njia ya kujifundisha: yape mashimo yako namba 1 hadi 16. Safu ya mbele 1 hadi 8 kutoka kushoto kwenda kulia, kisha unapinda: 9 liko nyuma ya la 8, na 16 liko nyuma ya la 1. Ukienda kulia, ongeza idadi ya kete kwenye namba ya shimo. Shimo la 3 lenye kete 4 linaishia la 7. Shimo la 13 lenye kete 6 linaishia 19. Toa 16, ni la 3. Ukienda kushoto unatoa badala ya kuongeza.

Fanya zoezi hili peke yako: tawanya kete ovyo upande mmoja, chagua shimo, tamka namba ya mwisho kwa sauti, kisha gawa uone. Ukishapatia mara kumi mfululizo kwa mgawo wa kwanza, jaribu kutabiri hadi mgawo wa pili, ukikumbuka kuwa idadi ya kete katika mashimo uliyopita imeongezeka. Hapo ndipo penye kazi yenyewe.

Kuna bao jepesi la kuanzia?

Lipo bao la kujifunza: kila shimo kati ya yote 32 linawekwa kete 2, hakuna kunamua wala nyumba. Ni zuri kwa watoto na kwa kuzoesha vidole kugawa. Lakini usikae nalo muda mrefu. Ladha ya bao iko kwenye nyumba na kunamua, na aliyezoea sana jepesi huja kwenye lile kubwa na tabia ya kucheza kwa kasi bila kulinda.

Mchezo niliopakua kwenye simu una safu mbili tu. Ni bao?

Ni jamaa yake wa mbali. Ule wenye safu 2 za mashimo 6 na shimo kubwa kila mwisho una sheria nyingine kabisa. Omweso wa Uganda unakaribia zaidi kwa sura, kwani nao una mashimo 32 na kete 64, lakini ulaji wake ni tofauti: huko kete za mpinzani huliwa za mbele na za nyuma kwa pamoja, mashimo yote mawili yakiwa na kete. Oman kuna hawalis, ya safu 4 za mashimo 7. Ukitafuta programu, hakikisha inaonyesha kete 10 tu kila upande mwanzoni. Hiyo ndiyo alama ya bao la Kiswahili.

Nikinunua au kuchongesha ubao, nikague nini?

Kipimo kinachofaa ni urefu wa sentimita 60 hadi 70, upana wa kama 30, unene wa 4 au 5. Shimo liwe na kipenyo cha sentimita 5 hadi 6 na kina cha 2.5 hivi. Ingiza vidole vinne: kama huwezi kuzoa kete zote kwa mara moja, mashimo ni membamba au kuta zake zimesimama mno. Shimo zuri lina mwinamo kama wa kibakuli. Jaza kete 12 kwenye nyumba uone kama zinakaa. Ubao mwingi unaouzwa kwa watalii hushindwa hapo.

Mti uwe umekauka vizuri; mninga, mvule na mkangazi hutumika sana. Mbao mbichi hupasuka ikikauka, na ufa huanzia kwenye kuta nyembamba kati ya shimo na shimo. Kagua pia kama kiini cha mti kimepita katikati ya ubao, kwa sababu hapo ndipo patakapofunguka. Piga msasa mashimo yote. Kibanzi kimoja kitakuchoma kila zamu. Vanishi nyepesi inatosha. Mafuta ya nazi hayakauki, yatashika vumbi na mashimo yatakuwa yananata. Na usiuache juani baada ya mchezo, utapinda na kuanza kuchezacheza mezani.

Je, bao ni la wazee wa kiume tu?

Hapana. Ni mazoea ya baraza tu. Sheria hazijui umri wala jinsia. Mwalimu Nyerere alilipenda na kulicheza, na mtoto wa darasa la tatu anayejua kutoa na kujumlisha anaweza kulicheza vilevile. Watoto wadogo sana waangaliwe na komwe, wasizitie mdomoni.

Nikienda kucheza barazani, nizingatie adabu gani?

Salimu, kaa, tazama michezo miwili mitatu kabla ya kuomba zamu. Anayeshinda kwa kawaida hubaki, anayeshindwa humpisha mwingine. Usimwelekeze anayecheza, hata kama unauona mlo waziwazi. Gawa kete kwa namna ambayo mpinzani anaziona zikishuka moja moja, ukienda mbio hata asiweze kukufuata, ana haki ya kukuambia, "Taratibu, ndugu yangu, rudia hapo." Mkibishana kuhusu mgawo, rudisheni kete kama zilivyokuwa mkumbuke pamoja. Ikishindikana, hesabuni zote: zisipofika 64, tafuteni kwanza chini ya mkeka.